Baada ya kujifungua: dawa ya choo, mkaja, maji ya moto au mazoezi?

Ulinganisho huu ni wa mzazi ambaye bado yuko ndani ya arobaini, au ametoka juzijuzi, na kila anayeingia nyumbani ana ushauri wake. Bibi anachemsha maji ya kukandia, shangazi ameleta mkaja, jirani anasifia sanamaki, na muuza duka la dawa anauliza kama unataka ya maji au ya vidonge. Vyote vinatajwa kwa pamoja kana kwamba kazi yao ni moja. Sivyo. Kuna kinacholainisha, kuna kinachosukuma, kuna kinachobana tu na kuna kinachoimarisha, na mwili uliotoka kuzaa hauvipokei vyote sawasawa.

Msimamo wangu nauweka mapema: kama fedha ni kidogo na nguvu ni chache zaidi, anza na choo. Misuli ya nyonga, ile inayobeba kibofu, kizazi na utumbo wa mwisho, imevutwa na mimba miezi yote hiyo, na kwa aliyezaa kwa njia ya kawaida imenyooshwa zaidi siku ya uchungu. Haitapata nafuu huku kila asubuhi unaisukuma chini kwa kujikamua. Mkaja mzuri na mazoezi ya dakika tano havifuti nusu saa ya kujikamua chooni.

Kwanza, ulichanika kiasi gani?

Wazazi wengi hurudi nyumbani wakijua tu kwamba "nimeshonwa". Haitoshi, kwa sababu jibu la swali hili ndilo linaloamua nusu ya machaguo yaliyo hapa chini. Mchaniko wa daraja la kwanza ni wa ngozi. Wa pili umefika kwenye misuli ya msamba, na aliyeongezewa njia kwa kawaida yuko hapa. Wa tatu umegusa misuli inayofunga njia ya haja kubwa. Wa nne umepita mpaka utando wa ndani wa njia hiyo.

Muulize mkunga kabla hujaruhusiwa, naye aandike kwenye kadi. Kama umesharudi nyumbani, uliza siku ya kliniki. Wa daraja la tatu na la nne wana kanuni zao, na nitazitaja kila zinapohusika. Aliyejifungua kwa operesheni hana mshono wa msamba, lakini ana tumbo lililokatwa na dawa za maumivu zinazolegeza utumbo, kwa hiyo naye hajasalimika na choo kigumu.

Chakula na maji, au dawa moja kwa moja?

Choo hufunga baada ya kuzaa kwa sababu zinazorundikana. Homoni za mimba zilishapunguza mwendo wa utumbo. Mwili umepoteza maji na damu, na sasa maji mengine yanakwenda kwenye maziwa. Vidonge vya kuongeza damu hukausha choo kwa baadhi ya watu. Tramadoli na kodini, dawa za maumivu ambazo wengine hupewa baada ya operesheni, hulegeza utumbo hadi ukasahau kazi yake. Halafu kuna woga, ambao hautajwi sana: mzazi anaogopa mshono utafumuka, anabana, choo kinakaa ndani, utumbo unaendelea kukinyonya maji, na siku ya nne kinatoka kigumu kuliko ambavyo kingekuwa siku ya pili.

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2022 kuhusu huduma baada ya kujifungua, linataka mzazi aelekezwe kuhusu chakula na mambo yanayofunga choo, na halipendekezi kila mzazi apewe dawa ya kulainisha choo kama kinga. Kwa hiyo aliyezaa salama na hana mshono mkubwa, chakula kinatangulia. Shida ni kwamba chakula chetu cha uzazi kina ladha na nguvu, ila makapi (nyuzinyuzi) ni haba: supu ya kuku, uji wa mchele wenye pilipili manga, wali, nyama, chai ya maziwa. Sisemi kiachwe. Supu inaleta maji na mtori unashibisha. Lakini linganisha uji wa sembe na uji wa dona: sembe imekobolewa na pumba zikabaki mashineni, na pumba ndizo zinazokusaidia chooni. Badilisha unga tu na umepiga hatua. Ongeza papai lililoiva, chungwa liliwe na nyama zake badala ya kukamuliwa, matembele au mchicha kila siku, na maharage au kunde.

Hapo kwenye maharage ndipo ugomvi na wakwe huanzia. Wanasema gesi itampata mtoto kupitia maziwa. Gesi ya mama hubaki kwenye utumbo wa mama, na makapi ya chakula hayaingii kwenye maziwa. Kama wewe mwenyewe yanakujaza tumbo, punguza kwa ajili yako, si kwa ajili ya mtoto. Maji nayo yaongezwe pamoja na chakula hicho. Kila unaponyonyesha weka kikombe karibu, unywe kwa kiu yako. Makapi bila maji huongeza ugumu.

Vidonge vya damu usivitupe. Kwa mzazi aliyepungukiwa damu ni muhimu kuliko usumbufu wake. Mweleze mhudumu, huenda akabadilisha aina au muda wa kumeza. Choo kuwa cheusi ukiwa unavimeza ni kawaida.

Dawa inatangulia chakula katika hali mbili. Ya kwanza ni mchaniko wa daraja la tatu au la nne: hapo dawa ya kulainisha hutolewa tangu mwanzo, kwa sababu choo kigumu kimoja kinaweza kuharibu kazi ya fundi aliyeshona. Ya pili ni pale siku zimeshapita, tumbo limejaa na papai halisaidii tena. Makapi juu ya choo kilichokwama ni kuongeza foleni.

Dawa zenyewe zikiwekwa pamoja

| Dawa | Kazi yake | Muda wa kusubiri | Tahadhari |
|---|---|---|---|
| Laktulosi, ya maji na tamu | Huvuta maji ndani ya utumbo, choo kinalainika | Siku 1 hadi 3 | Gesi na tumbo kujaa siku za mwanzo |
| Isapgol, maganda ya mbegu | Hushika maji na kuongeza ujazo wa choo | Siku 1 hadi 3 | Bila maji mengi inaweza kukwama |
| Bisakodili, vidonge | Huamsha utumbo usukume | Saa 6 hadi 12 | Msokoto wa tumbo; isimezwe na maziwa |
| Sanamaki, majani | Huamsha utumbo usukume | Saa 8 hadi 12 | Kipimo cha majani hakitabiriki |
| Gliserini ya kuweka njia ya nyuma | Hulainisha na kuchochea mwisho wa utumbo | Chini ya saa 1 | Si kwa mshono uliofika njia ya haja kubwa |

Kwa mwenye mshono, chaguo langu ni laktulosi. Haina haraka, na hilo linawaudhi watu: wanakunywa usiku, asubuhi hawaoni kitu, wanasema dawa feki. Ipe siku mbili. Karibu yote haiingii kwenye damu, kwa hiyo anayenyonyesha anaitumia bila wasiwasi.

Isapgol inapatikana kirahisi kwenye maduka ya dawa na ya viungo, hasa mijini na pwani, na kwa mtu ambaye choo chake hufunga mara kwa mara inafaa kwa muda mrefu kuliko vidonge. Lakini inaongeza ujazo, na ujazo ndio usiotakiwa kupita kwenye mshono wa daraja la tatu au la nne. Wataalamu hawaichanganyi na dawa za kulainisha kwa wagonjwa hao kama jambo la kawaida. Hapo subiri neno la daktari.

Bisakodili ni ya kutumia siku moja au mbili, pale umeshakwama. Inamezwa usiku ili asubuhi uende. Kidonge chake kimefunikwa ili kisiyeyuke tumboni, kifike kwanza kwenye utumbo. Ukikimeza na chai ya maziwa au dawa ya kiungulia, ule utando unayeyuka mapema na tumbo linasokota. Mzazi anayeishi kwa chai ya maziwa alikumbuke hili.

Sanamaki najua inaheshimiwa, na si bure: ndani ya majani yake mna dawa ileile inayotengenezewa vidonge viwandani. Tofauti ni kwamba kidonge kimepimwa, na majani yaliyochemshwa kwenye sufuria hayajapimwa. Leo haifanyi kitu, kesho unaharisha mchana kutwa, unapoteza maji unayoyahitaji kwa maziwa. Ukitaka sanamaki, tafuta ya vidonge. Kupigwa bomba la maji ya sabuni sitaliweka hata kwenye jedwali. Sabuni huunguza utando, na kwa mwenye mchaniko mkubwa hakuna kitu chochote kinachopaswa kuingizwa nyuma.

Kwa aliyefanyiwa operesheni kuna kitu rahisi zaidi ya vyote hivi, nacho ni chingamu. Kuitafuna saa za mwanzo baada ya upasuaji huuhadaa utumbo udhani chakula kinakuja, ukaanza kazi mapema. Kutembea wodini, hata mpaka dirishani na kurudi, kunasaidia vilevile. Zamani ulisubiri mpaka utoe hewa ndipo upewe uji. Siku hizi hospitali nyingi huruhusu mzazi asiye na matatizo kula mapema. Fuata ya wodi yako, lakini uliza.

Choo cha kuchuchumaa au cha kukaa?

Hapa choo cha shimo kinakishinda cha kisasa. Ukichuchumaa, msuli unaokunja njia ya utumbo wa mwisho hulegea na njia hunyooka, kwa hiyo choo hutoka bila kulazimishwa. Ukikaa wima kwenye bakuli, kona hiyo hubaki.

Lakini mzazi wa siku tatu mwenye mshono unaovuta, au mwenye kizunguzungu kwa kupungukiwa damu, hawezi kuchuchumaa salama kwenye sakafu yenye maji. Kwake bora kukaa, na chini ya miguu aweke kigoda au ndoo iliyopinduliwa ya kimo cha sentimita 20 hivi, magoti yapande juu ya nyonga, ainame mbele na kuegemeza viwiko mapajani. Anapata faida ya kuchuchumaa bila hatari yake. Asiye na choo cha kukaa, kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu kinatosha kwa wiki hizo chache.

Usizibe pumzi. Toa pumzi taratibu mdomoni, acha tumbo litanuke, na kama mshono wa msamba unakutisha, uegemeze kwa pedi safi iliyoshikwa kwa mkono kutoka mbele. Dakika kumi zikipita bila kitu, inuka urudi baadaye. Wakati mzuri ni baada ya kifungua kinywa, maana chakula kikiingia tumboni utumbo mzima huamka. Bahati mbaya huo ndio wakati wageni wa kumwona mtoto wanapoanza kubisha hodi, na mzazi anaona haya kuwapita sebuleni kwenda uani. Awapite tu. Haja iliyoahirishwa leo hurudi ikiwa ngumu zaidi.

Barafu, beseni au kukandwa?

Saa 24 hadi 48 za kwanza, baridi inashinda. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi, au kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi sana, dakika 10 hadi 20 kwa mara, hupunguza uvimbe na maumivu ya msamba. Najua nyumba nyingi hazitaki hata kusikia baridi ikimkaribia mzazi. Katika hili sina njia ya kati: joto juu ya uvimbe mbichi halisaidii, na barafu juu ya msamba haitamzuia mtu kupona.

Baada ya hapo beseni linachukua nafasi. Kukalia maji safi ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, hasa baada ya haja kubwa, hulegeza misuli inayobana na kumpunguzia mateso mwenye bawasiri au mchaniko mdogo wa njia ya haja kubwa, ule unaouma kama umekatwa na wembe na kuacha matone ya damu nyekundu kwenye karatasi. Chumvi si lazima. Dettol na mitishamba mikali ziache, zinaunguza. Jikaushe kwa kupapasa.

Kukandwa tumbo na mgongo kwa taulo la moto kunaliwaza, na mzazi aliyechoka anastahili kuliwazwa. Ila maji yapimwe kwa mkono wa anayekandwa, si wa anayekanda, maana viganja vya bibi vimezoea sufuria. Mshono wa operesheni na wa msamba usiguswe. Na damu ya uzazi hutoka yenyewe kizazi kinapojikunyata. Haihitaji kubinywa kwa maji ya moto.

Mkaja au mazoezi?

Watu huviweka upande mmoja, eti vyote ni vya kurudisha mwili. Mkaja unashikilia tumbo kutoka nje. Kwa aliyepasuliwa, kitambaa au mkanda uliofungwa kwa wastani humpa utulivu anapokohoa, anapoinuka kitandani na anapotembea, na wengine huona maumivu yamepungua. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini hauimarishi msuli wowote, na ukikazwa mpaka pumzi ikawa fupi, shinikizo lote linakwenda chini, mahali palepale palipolegea. Kama ukiufunga unahisi uzito ukeni, au mkojo unachirizika, legeza au vua.

Mazoezi ya misuli ya nyonga yaliandikwa na daktari wa Marekani, Arnold Kegel, mwaka 1948, ndiyo maana wengi huyaita kegeli. Hayahitaji fedha wala nafasi. Lala au keti, kaza kana kwamba unazuia hewa isitoke mbele ya baba mkwe, uhisi msamba ukiinuka ndani na juu. Matako, mapaja na tumbo vitulie, pumzi iendelee. Shikilia sekunde tatu mwanzoni, ukipanda polepole mpaka kumi, kisha achia kabisa kwa muda uleule. Mara nane, mara tatu kwa siku, na ujipe miezi mitatu kabla ya kusema hayafanyi kazi. Usiyafanyie wakati wa kukojoa. Kukatisha mkojo kila mara kunakiharibia kibofu mazoea yake.

Je, kila mzazi ayafanye? Miongozo ileile ya 2022 ya Shirika la Afya Duniani haipendekezi wazazi wote waanzishiwe kama kinga. Kwa anayevujisha mkojo kidogo akikohoa au akicheka, ndiyo tiba ya kuanza nayo. Kwa hiyo usiyeona dalili yoyote usijione mzembe kwa kutoyafanya, na unayevuja usijifiche nyuma ya pedi na mkaja, kwani hivyo vinaficha tu. Yupo pia mzazi ambaye shida yake si ulegevu: misuli yake imekaza kwa woga na maumivu, choo hakitoki na tendo la ndoa linauma. Huyo kukaza zaidi kunamwongezea. Anahitaji kujifunza kuachia, kwa pumzi ndefu za tumboni, na akipata mtaalamu wa mazoezi tiba hospitali ya mkoa au ya rufaa, bora zaidi.

Kukaa chini na kuinuka ghafla kwa nguvu za tumbo, au kubeba ndoo ya lita 20 kichwani katika wiki za mwanzo, nako ni mzigo kwa misuli hiyohiyo. Hapo arobaini ya kizamani, ile ya kupikiwa na kutekewa maji, ilikuwa na akili.

Kuvuja hakufanani

Hapa kulinganisha si kwa ajili ya kuchagua dawa, ni kwa ajili ya kujua uende wapi na kwa haraka gani.

Matone ukikohoa, au kubanwa ghafla ukashindwa kufika chooni, ni mambo ya mazoezi na kliniki ya wiki ya sita. Uzito ukeni, au kitu kama kinachungulia jioni baada ya kusimama sana, ni dalili ya kizazi kushuka: onana na daktari, punguza kubeba, na choo kilainishwe bila kukosa.

Kushindwa kuzuia hewa au choo baada ya mchaniko mkubwa usikusubirishe hadi wiki ya sita. Na mkojo unaotoka muda wote, usiku na mchana, hata hukukohoa, hasa baada ya uchungu uliochukua muda mrefu, au hewa na choo kupitia ukeni, hiyo fikiria fistula, yaani tundu kati ya uke na kibofu au utumbo wa mwisho. Mazoezi hayaitibu, mkaja hauitibu, na kuogea majani hakuitibu. Ikigundulika ndani ya wiki za mwanzo, tundu dogo la kibofu linaweza kuziba lenyewe mgonjwa akiwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa; ikichelewa hubaki upasuaji. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikiitibu bila malipo kwa miaka mingi. Kenya kuna hospitali ya Gynocare huko Eldoret, na upande wa Kongo kuna Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa na Dk. Denis Mukwege mwaka 1999.

Nenda hospitali leo hii, bila kungoja kliniki, ukiona homa, usaha au harufu mbaya kwenye mshono, mshono kufumuka, damu nyingi yenye mabonge, au kushindwa kukojoa. Kwa aliyefanyiwa operesheni ongeza haya: tumbo limevimba na kukaza, unatapika, na hewa haitoki kabisa.

Kama kadi yako inasoma daraja la tatu au la nne, itunze mpaka mimba ijayo na uioneshe siku ya kwanza ya kliniki. Aliyepona bila dalili mara nyingi anaweza kuzaa tena kwa njia ya kawaida. Ambaye bado anashindwa kuzuia hewa au choo azungumze mapema na daktari kuhusu operesheni, kabla uchungu haujaanza na maamuzi yakafanywa mlangoni mwa leba.